Maombi Yaliyomtoa Kinuthia Nyumbani

Ngina alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Hakuweza kunywa maji kwa kikombe cha mwenzake, hakuweza kula kwa hoteli ambayo hajaona jikoni kwake, na mtu akipenga kamasi karibu naye, chakula cha siku hiyo kimekwisha. Sasa fikiria Mungu alivyompangia: ushirika wa maombi wa Jumatano ulikutana kwake, ghorofa ya chini, katika ploti moja ya nyumba za kupanga kule Mwihoko, na kila Jumatano Kavata alikuja.

Kavata, ambaye wengine walimwita Mama Mbuvi, alifanya kazi nyuma ya buchari moja, duka la nyama, kule Ruiru. Kazi yake ilikuwa kuosha matumbo. Alikuwa anaoga kabla ya kuja, tusimwonee, lakini ile harufu haijali sabuni. Inaingia kwa nywele, inalala chini ya kucha, inasubiri watu wakae karibu. Na Kavata hakuwa mtu wa kujificha. Alivuta chai kwa kelele mpaka ukajua imefika wapi. Akimaliza andazi, alichokonoa jino kwa ukucha wa kidole kidogo, akaangalia alichokitoa, kisha akakirudisha mdomoni. Ngina alikuwa amemtengea kikombe cha plastiki cha kijani, na watu wakishaondoka, kile kitambaa cha kochi alichoegemea Kavata kilioshwa peke yake, kwa maji ya moto.

"Nampenda katika Bwana," Ngina aliwaambia wenzake. "Lakini katika pua, hapana."

Walicheka. Ngina, au Mama Ndung'u kama wengi walivyomwita, alikuwa anapendwa. Alikuwa mjane, fundi wa kushona sare za shule, mwenye kibanda mbele ya ploti na cherehani mbili. Na zaidi ya yote, alijua kuomba. Kuna watu wakisimama kuomba unaanza kufikiria sufuria uliyoacha kwa moto. Ngina hakuwa hivyo. Alipoomba, watu walilia. Alitaja mambo kwa jina. "Mungu hapendi maombi ya juu juu," alikuwa akisema. "Mwambie yote. Mwambie mpaka rangi ya nguo." Na kwa wale waliokosa kufika, mama mmoja alirekodi maombi kwa simu na kuyatuma kwenye gurupu la WhatsApp, ili hata mgonjwa kitandani apate.

Mgonjwa waliyemwombea sana mwaka huo alikuwa Kinuthia, wa ghorofa ya tatu katika ploti hiyo hiyo. Kinuthia alikuwa fundi wa mawe. Alianguka kutoka kwa jukwaa la ujenzi, mkono wa kulia ukavunjika na utumbo ukapasuka. Madaktari walimshona, wakamwachia tundu ubavuni na mfuko wa kupokea choo, mpaka ndani kupone na aweze kufungwa tena. Mkono ulikauka ukabaki mgumu, kwa hivyo mfuko huo hakuweza kuubadilisha mwenyewe. Aliubadilisha mkewe, Maggie. Ngina ndiye aliyemwingiza Kinuthia kwenye gurupu la maombi, kwa roho safi kabisa, ili asijione ameachwa.

Jumamosi moja Maggie alishuka mpaka kibandani. Alikuwa msichana wa kucheka cheka, muuzaji wa viatu vya mitumba pale Githurai, lakini siku hiyo hakucheka. Aliketi kwenye stuli, akashika kipande cha kitambaa cha sare, akaanza kukivuta nyuzi.

"Mama Ndung'u, nataka uniombee. Lakini iwe yangu na yako."

"Sema, mwanangu."

"Nasikia kinyaa." Alisema hivyo akiangalia chini. "Na bwanangu. Nikifungua ule mfuko, roho inanitoka. Nashika pumzi, natabasamu, nampigia stori. Nikimaliza naenda kwa choo natapika. Nafungua mfereji ndio asisikie. Kila siku, Mama. Na nampenda! Sasa mimi ni mtu wa aina gani?"

Ngina alimkumbatia. Aliguswa kweli kweli, kwa sababu kama kuna mtu aliyejua kinyaa ni yeye. Alimwahidi: yangu na yako, na ya Mungu.

Jumatano ikafika. Maggie alikuwa bado sokoni. Ngina alisimama kuomba, na moto ukamshika kama kawaida yake. Alianza na nchi, akashuka kwa watoto wa shule, akafika kwa wagonjwa. Na hapo, sebuleni mwake, mbele ya kina mama waliofumba macho na simu iliyokuwa mezani ikirekodi, alisema:

"Mkumbuke binti yako Maggie, Baba. Wewe unaona vile anashika pumzi. Unaona vile anatapika chooni, Baba, akifungua mfereji ili mume wake asisikie. Ondoa kinyaa hicho, Yesu! Ule mfuko usimnukie tena!"

"Woi, Yesu!" kina mama waliitikia. Mmoja alipiga magoti.

Asubuhi iliyofuata, Kinuthia alikuwa kitandani na simu kifuani. Maggie alikuwa anammiminia chai. Kinuthia alifungua maombi kwa sauti ya juu, kama alivyofanya kila Alhamisi, ili wasikilize wote wawili.

Hakumpigia mkewe kelele. Alisikiliza mpaka amina. Akamwomba amletee shati. Kabla ya saa sita alikuwa amepelekwa na gari mpaka Ngoingwa, kwa dada yake mkubwa, na neno aliloacha mlangoni ni moja tu: "Pumzika sasa."

Habari ilishuka ngazi upesi. Ngina aliisikia akiwa kwa cherehani, na ukitaka kujua ukweli, jambo la kwanza alilofanya ni kutafuta nani wa kulaumiwa asiyekuwa yeye. Alimpata Shetani. "Mahali pana maombi ya nguvu, adui lazima apigane," aliwaambia majirani. Aliwaambia hivyo mara nyingi, kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Maggie alipita mbele ya kibanda akienda kazini, uso umevimba, bila kugeuza shingo.

Siku chache baadaye Kavata akaja. Alileta sketi ifunguliwe kiuno. Aliitupa juu ya sare nyeupe za watoto, na Ngina akaiondoa kwa vidole viwili.

"Mama Ndung'u," Kavata alisema, bado amesimama, "kile kitu ulifanya ni uchafu."

"Kitu gani?"

"Ya Maggie. Hayo hayakuwa maombi. Huo ulikuwa umbea umefumba macho."

Ngina alisikia damu ikipanda. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno juu ya maombi yake. Na angekubali labda kutoka kwa pasta, labda kutoka kwa mtu amevaa suti, amefunga na kuomba kwanza. Lakini huyu! Kulikuwa na kitu kikavu, cha kijani kijani, kimeganda kwenye kiwiko chake.

"Wewe?" Ngina alisema. "Wewe, Kavata, ndiye wa kuniambia mimi uchafu? Jiangalie kucha."

Kavata aliinua mikono, akaziangalia kucha kwa makini, moja moja. "Ni chafu," alikubali. "Lakini nimesema ukweli. Sketi nitachukua lini?"

Alipoondoka, Ngina alipanguza stuli ambayo Kavata hakuwa hata ameikalia. Kisha akampigia Pasta Wamalwa, ili mambo yawekwe sawa.

Pasta alikuwa mtu mpole, na chapati za Ngina alizijua vizuri. "Mama, wewe ni nguzo ya kanisa," alisema. "Huyu Mama Mbuvi ana mdomo mbaya, sote tunamjua. Usivunjike moyo."

Ngina alipumua. Ilikuwa kama kuvua kiatu kinachobana. Lakini hakutosheka na hapo, alitaka asifiwe kidogo zaidi.

"Na yale maombi uliyasikia, Pasta?"

"Nilisikia."

"Yote?"

Pasta alikohoa. "Nilizima katikati, Mama."

"Kwa nini?"

"Ile… unajua, netiwaki ya huku kwetu…"

Ngina alijua netiwaki haina makosa. Sauti ikishaingia kwa simu, imeingia. Alikaa na simu mkononi, akiichukia. Kisha akavuta mlango wa kibanda nusu, akatafuta maombi yake kwenye gurupu, akaweka simu sikioni. Alikuwa anatafuta ushahidi wa kumnyamazisha Kavata.

Hakuwa amewahi kujisikiliza.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Nchi, watoto. Alipofika kwa jina la Maggie, sauti ilibadilika. Ilishuka, ikawa laini, ikawa na mafuta. Alijisikia akinyamaza kidogo baada ya "anatapika", akiwangoja kina mama wagune. Walipoguna, alijisikia akimeza mate. Ilikuwa imerekodiwa wazi, ile sauti ya kumeza, kama ya mtu aliyepitishiwa nyama choma chini ya pua. Na "mfereji" hakukuwa na haja ya kuutaja. Aliutaja kwa sababu ulikuwa mtamu.

Ngina aliweka simu chini ya sare. Alijisikia kama mtu aliyekuta unywele kwenye chakula, akauvuta, akauvuta, akaona ni wake mwenyewe. Alitoka nje ya kibanda, akatema mate kwenye mtaro, yeye ambaye hakuwa amewahi kutema mate mbele za watu.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kurekodi maombi mengine. Ya toba, marefu, yenye machozi. Kidole kilikuwa tayari kwenye simu. Na hapo akajiona tena, akilegeza koo, akitafuta ile sauti yenye mafuta. Akaacha. Akafunga kibanda, akapanda gari la Ruiru.

Nyuma ya buchari hakukuwa mahali pa mtu kama Ngina. Kulikuwa na makarai, na maji ya kijani, na inzi waliokuwa wamekuja kazini mapema kuliko wote. Kavata aliinamia utumbo mrefu, akiusukuma kwa vidole gumba, na kile kilichokuwa ndani kikatoka mbele kidogo kidogo, kikaanguka kwa ndoo. Ngina alifunika pua na leso.

"Sketi imeisha?" Kavata aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimesikiliza yale maombi."

"Enhe."

"Ni uchafu." Ilimtoka kwa shida. Alikuwa amepanga kuongeza "lakini" na mambo mengine nyuma yake. Kavata alimtazama, akingoja hiyo "lakini" ije, na Ngina akaona aibu kuitoa. "Ni uchafu," alirudia. "Sijui nifanye nini."

"Wewe kwani hujui chochote kama si kuomba?" Kavata aligeuza utumbo ndani nje, kama soksi. "Utasema kwa gurupu umekosa. Pale pale ulipomwaga. Usieleze mengi, ukieleza utarudia. Halafu uende Ngoingwa kwa huyo kijana."

"Nikamwambie nini?"

"Sijui. Lakini usimwombee. Ukifumba macho hapo, atakutwanga na kikombe, na mimi nitakuwa upande wake."

Ngina alicheka kidogo, akavuta harufu kwa bahati mbaya, akakohoa mpaka machozi. Alipoweza kusema, aliuliza kitu alichokuwa akitaka kujua kwa miaka. "Kavata, wewe husikii kinyaa?"

"Kila siku. Hiki kitu kinanuka, si una pua?" Kavata alijipangusa paji la uso kwa nyuma ya mkono, akaacha alama. "Nani alikwambia kinyaa ni dhambi? Maggie hakuwa na dhambi ya kuondolewa. Alikuwa amechoka. Ungempelekea chai."

Hapo hapo, kando ya makarai, Ngina aliandika kwenye gurupu: Nilisema katika maombi jambo nililoambiwa kwa siri. Nilikosa. Naomba msilirudie. Majibu yalianza kuingia kabla hajafika barabarani. Wengi waliweka ile mikono ya kuomba. Mama mmoja akaandika: Pole sana, Mama Ndung'u, ni jambo gani hasa, tuliombee? Ngina aliizima simu kwa kuchukizwa, akijua kabisa kwamba jana tu angeuliza hivyo hivyo.

Ngoingwa alifika mchana. Dada yake Kinuthia alikuwa kazini. Mlango ulikuwa umefungwa nusu, na harufu ilimpokea Ngina kabla ya mwenye nyumba. Kinuthia alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, taulo limezungushwa tumboni. Alikuwa amekonda. Mfuko ulikuwa umeachia upande mmoja, na alikuwa anajaribu kuushikilia kwa ule mkono mzima.

"Umekuja kuangalia ndio uwe na ya Jumatano?" alisema.

Ngina alikuwa amejitayarisha kwa mambo mengi, si kwa hilo. "Nimestahili," alisema. "Maggie aliniambia siri, mimi nikaiuza. Yeye hakukosa. Nimekuja kusema hivyo tu."

"Basi umesema. Omba sasa, uende. Si ndiyo kazi yako?"

"Sitaomba."

Kinuthia alimwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Mfuko ukaachia tena kidogo, na mchirizi ukashuka kwenye taulo. Alifumba macho kwa aibu. Dada yake hangerudi mpaka jioni.

"Maji yako wapi?" Ngina aliuliza.

"Wacha, Mama."

"Kinuthia mwanangu, maji yako wapi?"

Akamwelekeza. Maji, glavu, mfuko mpya, mkasi wa kukata tundu la mfuko. Alimweleza hatua kwa hatua, kwa sauti kavu, kama fundi anayemweleza saidia fundi ambaye hamwamini. Ngina alipiga goti sakafuni. Alipoufungua ule mfuko wa zamani, harufu ilimpiga usoni kama kofi. Alishika pumzi, lakini pumzi huisha, na alipovuta nyingine, mdomo ulijikunja wenyewe, macho yakajaa maji, na koo likatoa sauti ambayo hakuna tabasamu linaloweza kuificha. Akageuza uso kwa bega lake, akakaza, akarudi. Mikono ilifanya kazi: ikapanguza, ikakausha ngozi nyekundu, ikabandika.

Kinuthia hakuwa anaangalia mfuko. Alikuwa anaangalia uso wake.

"Unasikia kinyaa," alisema.

"Ndiyo."

"Sana?"

"Sana, mwanangu. Nisamehe. Sikudanganyi."

Kule nje boda boda ilipita, na kuku wa jirani akalalamika.

"Maggie hajawahi kukunja uso," Kinuthia alisema polepole. "Hata siku moja. Nilikuwa nadhani hasikii kitu. Nilikuwa namwambia, wewe pua yako ni mbovu, na tunacheka." Aligusa ukingo wa mfuko mpya. "Kumbe alikuwa ananichekea akiwa hivi. Kila siku. Hivi."

Ngina alikuwa na maneno, yalikuwa yamepanga foleni kooni, mengine mazuri sana juu ya upendo. Aliyaacha huko. Alifunga uchafu kwa karatasi mbili za plastiki, akatoka nao mpaka kwa pipa, na huko nyuma ya nyumba akatapika, kwa kelele, bila mfereji wowote wa kumfunika. Aliporudi, Kinuthia alikuwa na simu sikioni.

"Maggie," alikuwa akisema. "Umekula?"

Ngina alichukua pochi yake, akaondoka bila kuaga.

Maggie alimfuata mumewe Ngoingwa siku hiyo hiyo, wakarudi Mwihoko pamoja. Kwa Ngina hakupita. Salamu alitoa, fupi, kama ya mtu wa ploti nyingine, na ikabaki hivyo kwa muda mrefu. Ngina alizipokea salamu hizo jinsi zilivyokuwa.

Jumatano iliyofuata sebule ilijaa kuliko kawaida. Kina mama walikuwa wamewaona Kinuthia na Maggie wakipanda ngazi wameshikana, na walijua Ngina alikuwa ameenda Ngoingwa. Chai ilipomiminwa, walimgeukia.

"Mama Ndung'u, leo lazima utupe ushuhuda!"

"Bwana ametenda! Hebu tuambie, ulimkutaje?"

Ngina alisimama. Na, jamani, alitaka. Alijua angeanza wapi, angenyamaza wapi, wangelia wapi. Ungekuwa ushuhuda wa kumtukuza Mungu, na yeye mwenyewe angeonekana humo amepiga goti. Alifungua mdomo. "Nilipofika pale, Kinuthia alikuwa ameketi na…"

"Hapana," Kavata alisema. Alikuwa kwenye kona yake, andazi mdomoni, na makombo yaliruka aliposema.

Ngina alihisi shingo ikipata moto. Mbele ya watu! Nyumbani kwake, kwa chai yake! Alimwona Kavata akilamba sukari kwenye kidole gumba, taratibu, akimwangalia bila huruma na bila hasira. Kinyaa kilimpanda Ngina kama siku zote, mpaka mizizi ya ulimi. Na bado neno lilikuwa la kweli.

"Asante, Mama Mbuvi," alisema, na sauti haikuwa laini hata kidogo. "Sina ushuhuda. Nani anataka chai zaidi?"

Aliketi pale palipokuwa na nafasi, kwenye kochi, karibu na Kavata, ambako hakuna mtu aliyependa kuketi.